Deni la Kodi na Njia za Kulilipa

Tarehe 31 Machi ndiyo siku ya mwisho ya kulipa kodi ya mapato ya mwaka uliotangulia nchini Rwanda. Ikishapita, mwenye karakana wa Gikondo ambaye biashara yake ilidorora hujikuta akidaiwa mambo matatu: kodi yenyewe, faini, na riba inayoongezeka kila mwezi. Wengi hunyamaza. Wengine hubadili namba ya simu, kana kwamba deni limeandikwa humo.

Kunyamaza huko ndiko kunakoua biashara. Sheria inamruhusu mdaiwa kuiandikia Mamlaka ya Mapato akiomba kulipa kwa mafungu, kwa muda usiozidi miezi 12. Akikosa fungu moja, salio lote hudaiwa papo hapo. Asiyejitokeza huweza kuzuiliwa fedha zake benki na kukamatiwa mali.

Ni haki kusema kwamba miezi 12 ni michache. Viwanda vya Gikondo vilitakiwa kuhama bonde oevu kwenda Masoro, na kuhamisha mitambo si kuhamisha mikeka.

Ufilisi nao upo. Sheria ya mwaka 2021 inaipa kampuni iliyoelemewa nafasi ya kupangwa upya chini ya msimamizi kabla mali yake haijauzwa. Lakini njia hiyo ina gharama zake, na hesabu za kampuni huwekwa wazi mbele ya wadai wote. Mwenye karakana anayetaka mafungu huhitaji barua tu, na barua hiyo husomwa vizuri zaidi ikifika kabla ya mkamata mali.