Nyumba ya Marehemu na Amani ya Jamaa

Nasema hasa na ninyi mliokimbia vijiji kwa ajili ya mapigano ya Watwa na Waluba, na ninyi mashefu wa kartiye na wa vijiji.

Vita ikimwua baba, mara nyingi nyumba aliyoiacha inavunja jamaa yake. Mjane anarudi, anamkuta shemeji amekaa ndani. Watoto wanadai, baba mdogo anadai, vijana wanashika mapanga. Ugomvi huu hauishi kwa kelele. Unaisha kwa haki iliyoandikwa.

Sheria inasema nini? Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inatanguliza watoto wa marehemu, wasichana sawasawa na wavulana, pamoja na mtoto wa nje ambaye baba alimtambua angali hai. Wao wanapata robo tatu za urithi. Robo inayobaki ni ya mjane, wazazi na ndugu wa marehemu. Tena mjane ana haki ya kukaa katika nyumba walimoishi pamoja. Shemeji asimfukuze.

Sasa, karatasi.

Ya kwanza ni cheti cha kifo, kwa afisa wa eta-sivile. Kama mtu alifia porini na muda wa kutangaza umepita, nendeni tribinali na mashahidi, mwombe hukumu ya kushika nafasi ya cheti.

Ya pili ni maandishi ya kikao cha jamaa. Andikeni warithi wote, hata aliye kambini au ng'ambo ya ziwa. Mtajeni msimamizi wa urithi: sheria inampa kazi hiyo mkubwa wa warithi, na akikataa, warithi wanachagua mwingine. Tribinali inamthibitisha. Yeye anahesabu mali, analipa madeni, ndipo anagawa. Yeye si mwenye mali!

Ya tatu ni ya parseli yenye sertifika. Tribinali kubwa inatoa amri ya kuwatambua warithi, nanyi mnaipeleka kwa konservateri wa hati za ardhi, aandike sertifika mpya kwa majina yenu. Sertifika ikiungua, msikate tamaa: ofisi hiyo inatunza kitabu cha uandikishaji.

Na mashamba ya kijijini yasiyo na sertifika? Waiteni wazee na majirani, Watwa na Waluba, mtembee mipaka pamoja, muiandike, kila mmoja atie sahihi au kidole.

Ninyi mashefu, msiandike karatasi kwa mrithi mmoja kabla ya kuwaita wengine. Karatasi ya siri ni mbegu ya vita. Nanyi wazazi, msingoje kurudi nyumbani: anzeni leo na cheti cha kifo, kwa maana mashahidi nao wanazeeka.

Mkae na amani.