Babu na Chupa ya Mafuta



Mwaka jana, asubuhi moja ya Julai, kipupwe kikikata masikio, nilisimama dukani hapa Kinyangiri nyuma ya mama mmoja jirani yetu. Mkononi ana chupa tupu ya maji, ile ya nusu lita. Anataka mafuta ya kupima. Mwenye duka akafungua ndoo, mafuta yameganda, yamekuwa meupe kama samli. Ikabidi aisogeze ndoo karibu na jiko la mkaa, tukasubiri yalainike ndipo ayamimine. Mafuta ya alizeti hayagandi namna ile. Yale yalikuwa mawese, yaliyovuka bahari kutoka Asia mpaka kwetu Mkalama.

Nikamuuliza, "Mama, alizeti yako imekwenda wapi?"

"Niliuza yote mwezi wa sita, mwanangu. Mtoto alikuwa anadaiwa shule."

Magunia manne yalipanda lori, tena lumbesa, yameshonewa kilemba juu, na bei ikabaki ile ile ya gunia. Mwezi mmoja baadaye mkulima wa alizeti yuko dukani na chupa tupu.

Nilirudi nyumbani nikimfikiria Abdulrahman Mohamed Babu.

Vijana wengi jina hili hawalijui, na hilo linaniuma. Babu alizaliwa Unguja mwaka 1924. Wamagharibi walimwita mkomunisti hatari, na mwenyewe hakuficha kwamba anamfuata Karl Marx. Lakini kabla ya vitabu vya Marx alikuwa karani wa mizani katika chama cha wakulima wa karafuu. Kazi ya karani wa mizani ni kuona jasho la mtu likigeuka ratili, na ratili zikigeuka senti, kisha karafuu inapanda meli na mkulima anabaki na karatasi. Nadhani siasa yake yote ilianzia pale kwenye mizani.

Mwaka 1951 alikwenda London kusoma. Mwaka 1957 akawa Katibu Mkuu wa Hizbu, chama cha ZNP, na miaka miwili baadaye akafika China, wakati Waafrika waliokuwa wameikanyaga nchi ile ni wa kuhesabika. Mwaka 1962 Waingereza wakamtia ndani kwa uchochezi. Alipotoka mwaka 1963 alikorofishana na wenzake wa Hizbu, akajitoa, akaunda Chama cha Umma. Yalipokuja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Babu akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na vijana wake wa Umma walikuwa miongoni mwa watu wachache waliokuwa na mpango wa nini kifanyike baada ya bunduki kunyamaza.

Hapo ndipo naona alipokosea. Chama chake alikivunja, kikaingia ndani ya Afro-Shirazi cha Mzee Karume. Najua alitaka umoja. Lakini mwanasiasa asiye na chama anaishi kwa hisani ya mwenye chama. Aprili 26 mwaka ule ule nchi mbili zikaungana, na Babu akaletwa Bara kuwa waziri katika serikali ya Muungano, mbali na watu waliokuwa wakimsikiliza kila jioni mitaani Unguja.

Huku Bara alifanya kazi kubwa. Desemba 1964 alisimama Harlem, New York, kwenye mkutano wa Malcolm X, akishangiliwa na Wamarekani weusi. Akiwa waziri wa biashara alishiriki kufungua mlango wa China, mlango ulioleta kiwanda cha nguo cha Urafiki na baadaye reli ya TAZARA, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi. Lakini miaka yote hiyo alikaa katika baraza la mawaziri la serikali iliyokuwa na sheria ya mwaka 1962 ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Nampenda Babu, na kwa sababu nampenda sitaliruka jambo hilo. Alipaswa kuipigia kelele sheria ile akiwa waziri.

Februari 1972 aliondolewa uwaziri. Aprili 7 Mzee Karume, Rais wa Zanzibar, akauawa. Babu akatuhumiwa kuhusika, akakamatwa, akawekwa kizuizini huku Bara kwa sheria ile ile. Mwalimu Nyerere alikataa kumpeleka Zanzibar, na mahakama ya huko ikamhukumu kifo bila yeye kuwepo. Alikaa ndani miaka sita, mpaka Aprili 1978.

Na miaka ile ndiyo inayotugusa sisi. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Wazazi wetu, enzi hizo Mkalama ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Iramba, wanakumbuka kubeba milango na mawe ya kusagia kuhamia mahali palipopimwa. Waliambiwa huo ndio ujamaa. Wakati huo huo, ndani ya kuta za gereza, msoshalisti mmoja alikuwa anaandika kwamba njia hiyo haitatufikisha. Maandishi yakatolewa kwa siri, na mwaka 1981 yakachapishwa London kuwa kitabu chake kikubwa juu ya ujamaa na Afrika.

Hoja yake ukiieleza kwa lugha ya shambani ni hii: mkoloni alitupangia kulima tusichokula na kula tusicholima. Pamba iende Ulaya, nguo irudi. Ukimkusanya mkulima kijijini, ukampa mwenyekiti na bendera, lakini pamba yake bado inapanda meli mbichi, umemhamisha nyumba tu. Uchumi wake haujahama. Babu alitaka shamba limlishe mtu wa nchi na lilishe kiwanda cha nchi, na kiwanda kirudishe jembe na nguo kwa mkulima. Alisema tuanze na soko letu wenyewe. Kwa maneno hayo alionekana adui wa ujamaa, naye alikuwa ameupigania maisha yake yote.

Sasa rudini dukani na mimi. Singida yetu ni mkoa wa alizeti, kila mtu anajua. Tanzania imekuwa ikiagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula. Wakulima walihimizwa kulima, wakalima. Ushuru wa mafuta ya nje ukapunguzwa, bei ya mbegu ikaporomoka, na mwaka 2023 kilio kilisikika kila kijiji cha ukanda huu. Mashine ndogo zinazokamua hapa kwetu zinafanya kazi miezi michache tu, kisha mbegu zinakwisha kwa sababu zimekwenda na malori. Hata mashudu, chakula kizuri kabisa cha ng'ombe wetu, yanakuwa mali ya huko mbegu zilikokwenda. Swali la yule karani wa mizani, jasho la mkulima linabaki na nani, halijajibiwa, na mtu wa kulijibu anaweza kuwa diwani, mbunge, au chama cha ushirika cha msingi kitakachompa mama yule mkopo wa ada ili asiuze mavuno yote kwa wiki moja.

Babu mwenyewe alirudi kwenye siasa mwaka 1995, akatarajiwa kuwa mgombea mwenza wa Augustine Mrema kupitia NCCR-Mageuzi, akazuiwa. Agosti 5 mwaka uliofuata alifariki London, akazikwa kwao Zanzibar.

Wiki iliyopita nilipita kwa yule mama. Mwaka huu gunia moja halikupanda lori. Ameliegemeza ukutani nyuma ya mlango, mdomo umeshonwa kwa kamba ya katani, na juu yake paka amelala. Anasubiri umeme urudi mashineni.