MTOTO AKIONDOKA KWA HASIRA, MLANGO UBAKI WAZI

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa wanakisomo wa Tukuyu baada ya kutazama sinema ya Vuta N'kuvute. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Najua wengine mmeacha chai haijachumwa. Wengine ng'ombe wanangoja kukamuliwa. Kwa hiyo sitawachosha.

Sinema tumeitazama. Wengine mlicheka, wengine mliguna. Baada ya hapo ubishi ukaanza. Hawa wanasema msichana ndiye mkosaji, kwa sababu aliwaaibisha wazazi. Hawa wanasema wazazi ndio wakosaji, kwa sababu walimwoza bila kumwuliza. Ubishi huo ni mzuri. Lakini mimi nataka tuulizane jambo jingine. Mtoto na wazazi wakishakosana, nani afanye nini? Na afanye lini?

SINEMA YENYEWE

Kwanza tukumbushane hadithi, maana wengine walichelewa kufika.

Sinema hii ilitengenezwa na Mtanzania mwenzetu, Amil Shivji. Mwaka 2021 ilionyeshwa katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada. Mwaka 2022 ilichaguliwa kuiwakilisha Tanzania katika mashindano makubwa ya sinema huko Marekani, yale yaitwayo Oscar. Hadithi yake imetoka katika kitabu cha Adam Shafi, mwandishi wa Zanzibar. Kitabu kilitolewa mwaka 1999, na jina lake ni hilo hilo, Vuta N'kuvute.

Mambo yanatokea Unguja katika miaka ya 1950. Wakati huo Mwingereza bado anatawala. Yupo msichana wa Kihindi, jina lake Yasmin. Ameozwa kwa mwanamume mzee aitwaye Raza. Katika kitabu, Yasmin ana miaka 15 na Raza ana miaka 52. Hebu pigeni hesabu. Toa 15 katika 52. Inabaki 37. Mume amemzidi mke miaka 37! Huyo ni baba, tena ni baba mkubwa.

Yasmin akashindwa, akatoroka. Katika kitabu anakwenda kwa mjomba wake, maana damu ni damu. Mjomba hakumpokea. Kwa nini? Kwa sababu ya aibu. Watu watasemaje? Aliyempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Kiafrika, mwimbaji, ambaye hana mali. Mnaona jambo hilo? Ndugu mwenye nyumba kubwa alifunga mlango. Maskini mwenye chumba kidogo alifungua.

Baadaye Yasmin akampenda Denge. Denge ni kijana anayepigania uhuru, na polisi wa Mwingereza wanamwinda. Basi aibu ya ndugu ikawa mara mbili. Binti amemkimbia mume, tena amempenda Mwafrika. Kwao ikawa kama vile binti huyo amekufa.

Mwisho wa hadithi sisemi. Asiyeiona sinema aitafute. Na wewe uliyejifunza kusoma, kitafute kitabu. Ni Kiswahili chetu, kimekaa vizuri.

Lakini jina lenyewe tulifikiri. Vuta n'kuvute. Wewe unavuta kamba huku, mimi naivuta kule. Kila mmoja ana nguvu, na hakuna anayetaka kulegeza. Mwishowe nini kinatokea? Kamba inakatika, na wote wawili wanaanguka chali. Familia nyingi zimekatika namna hiyo.

SI MAMBO YA UNGUJA TU

Msidhani haya ni mambo ya Unguja peke yake, au ya Wahindi peke yao. Mwaka 1969 kilitoka kitabu kinachoitwa Mabepari wa Venisi. Aliyekitafsiri kwa Kiswahili ni Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe. Mwandishi wake wa kwanza ni Mwingereza, William Shakespeare, aliyeishi zaidi ya miaka 400 iliyopita. Mle ndani yupo tajiri mmoja, Shylock, na binti yake Jessica. Binti anatoroka usiku na kijana wa dini nyingine, tena anachukua fedha na vito vya baba yake. Baba anabaki analia. Hajui alilie mtoto au alilie mali.

Shakespeare huyo huyo aliandika hadithi ya Romeo na Juliet. Hao ni vijana wawili wa koo mbili zenye uadui. Walipendana, wakafunga ndoa kwa siri kwa sababu waliwaogopa wazazi. Siri ikazaa siri nyingine, na mwisho wake vijana wote wawili wakafa. Ndipo wazazi wakapeana mikono, hapo hapo penye maiti za watoto wao.

Angalieni sana hapo, ndugu zangu. Wazazi wale waliweza kupatana! Kumbe jambo lenyewe liliwezekana tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kulegeza kamba mapema. Walingoja mpaka kifo kije kuwapatanisha. Na kifo ni msuluhishi mbaya. Kinapatanisha, lakini kinachukua mtu.

WAZEE WA RUNGWE WALIFANYAJE

Sasa turudi kwetu. Katika miaka ya 1930 walikuja hapa wataalamu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica. Walikaa na Wanyakyusa, wakaandika mila zao. Waliyoyaandika wazee wengi hapa walisimuliwa na babu zao.

Zamani mvulana akikua kidogo aliondoka nyumbani kwa baba yake. Alikwenda na wenzake wa rika moja, wakajenga vibanda vyao pembeni. Kijiji kikawa cha rika. Sababu yake ilikuwa heshima. Mkwe wa kike na baba mkwe hawakupaswa kukutana. Binti akimwona baba mkwe njiani, alijificha au alikwepa.

Mgeni angeweza kusema, "Hawa watu wamekosana." La, hawakukosana hata kidogo. Wavulana walilala kijijini kwao, lakini chakula walikula kwa mama zao. Leo wote wanakwenda kula kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mnaona akili ya wazee? Walitenganisha nyumba, lakini hawakuwatenganisha watu. Chungu cha mama kilibaki pale pale.

Kukwepana kwa heshima ni jambo moja. Kufungiana mlango ni jambo jingine. Tusiseme tunalinda mila wakati kweli tunalinda hasira zetu.

Na ugomvi wa baba na kijana juu ya kuoa nao si jambo jipya. Zamani ng'ombe wa mahari walitoka kwa baba. Kijana asiyemsikiliza baba alikaa bila mke. Halafu katika miaka ya 1930 vijana wengi walikwenda kwenye migodi ya dhahabu ya Lupa, kule Chunya. Wakapata fedha zao wenyewe, wakanunua ng'ombe wao wenyewe. Wazee wakaona nguvu inawatoka mikononi. Leo kijana anakwenda Mbeya, Tunduma au Dar es Salaam. Jambo ni lile lile.

MSIBA HAUNGOJI

Wote hapa tumezika. Mnajua msiba wa kwetu ulivyo. Watu wanafika kutoka kila upande. Wilson aliandika kwamba zamani katika mazishi akina mama walilia, na wanaume walicheza ngoma kwa nguvu, kama watu wanaokwenda vitani. Na hapo hapo vijana wa kiume na wa kike walitazamana wakapendana. Wengine wataona ni ajabu. Lakini mimi naona kuna maana. Kifo kimechukua mmoja, na uhai unasema, "Mimi bado nipo." Mapenzi na msiba walikaa uwanja mmoja.

Sasa fikirini mtoto aliyefukuzwa. Miaka sita hajafika nyumbani. Siku moja anapata habari kwamba mama amefariki. Anapanda basi. Anafika na mtoto mgongoni, ambaye bibi yake hakumwona hata siku moja. Anasimama kando, penye migomba. Hajui aingie ndani na akina mama, au asimame nje kama mgeni. Watu wanamnong'ona. Analia kuliko wote, na wengine wanasema, "Anajifanya."

Hajifanyi. Analilia mambo mawili. Analilia mama, na analilia miaka ile sita. Mama tutamzika leo. Miaka ile sita itazikwa wapi?

Na mara nyingine ni kinyume. Mzazi ndiye anayeletewa maiti ya mtoto kutoka mjini. Mzazi huyo alisema kwa hasira, "Usinikanyagie nyumbani." Maneno hayo yatabaki masikioni mwake mpaka anaingia kaburini.

MZAZI NAYE ANA HAKI

Vijana, msishangilie. Sikusema wazazi ndio wabaya. Baba ameuza chai, ameuza ndizi, amelipa sare na madaftari. Siku moja anaamka, binti hayupo. Hakuna mshenga, hakuna barua, hakuna hata salamu. Hasira yake ni haki. Kijana unayempenda binti wa mtu, njoo mchana. Tuma mshenga. Mwanamume anayekuja usiku tu, hata akisema anapenda, tumwogope.

Na tusichanganye mtu mzima na mtoto. Kama binti ni mwanafunzi, hayo si mapenzi. Ni kosa la jinai. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016. Anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30. Kwa hiyo mzazi usikubali ng'ombe wawili ili unyamaze. Mwaka huo huo wa 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana wa chini ya miaka 18 kuolewa vinapingana na Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na hukumu hiyo.

Lakini hapo pia, anayepelekwa polisi ni yule mwanamume. Binti asifukuzwe. Mwezi wa Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba anaweza kurudi kusoma baada ya kujifungua. Sasa Serikali imefungua mlango wa shule, wewe mzazi unafunga mlango wa jikoni?

Kama ni watu wazima na wamependana, basi mjue hivi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni hiari ya wawili. Mahari ni mila yetu nzuri, inaunganisha koo. Lakini ndoa iliyofungwa kisheria haibatiliki kwa sababu mahari haikulipwa. Deni la ng'ombe linaweza kuzungumzwa taratibu, mwaka huu na mwaka kesho. Mtoto hana mwaka kesho wa kuzaliwa tena.

TUFANYE NINI

Sasa jambo la mwisho, nalo ni rahisi. Ninyi mmejifunza kuandika. Mmeandika majina yenu, mmeandika hesabu za maziwa na kahawa. Sasa kalamu hiyo ifanye kazi kubwa zaidi.

Nani hapa ana mtoto, au ndugu, au mzazi, ambaye hamsemeshani? Usinyoshe mkono. Jibu moyoni. Kisha ukifika nyumbani, andika barua. Ukipenda andika kwa simu, yote ni maandishi. Barua ina faida yake. Ukisema kwa mdomo, hasira inaingia katikati. Ukiandika, unaweza kufuta neno baya kabla halijafika.

Usieleze nani alikosa. Usidai mahari humo. Usimtaje yule mwanamume kwa ubaya. Andika maneno machache tu. Kwa mfano hivi:

"Mwanangu, salamu. Sisi hatujambo. Mvua ni nyingi, na ule mgomba ulioupanda wewe umezaa. Mambo yaliyopita tutazungumza tukikutana. Nataka kukuona, na mtoto nataka kumwona. Njoo siku yoyote. Mlango uko wazi. Mimi mama yako."

Na kijana aandike hivi:

"Baba, shikamoo. Niliondoka bila kuaga, na jambo hilo linaniuma. Naomba ruhusa nije na mwenzangu tukae mbele yako. Utakalosema tutalisikiliza. Mimi mwanao."

Maneno hayo hayazidi mistari sita, saba. Kila mmoja hapa anayaweza. Na kama wewe unaona aibu kuandika, mtume shangazi, au mzee anayeheshimiwa, aende na maneno hayo. Kama ni mke na mume wanaogombana, lipo Baraza la usuluhishi wa ndoa. Kazi yake ni kujaribu kuwapatanisha kabla ya kufika mahakamani.

Labda barua ya kwanza haitajibiwa. Andika ya pili. Aliyekaa na hasira miaka mitano hawezi kuiacha kwa siku tano. Lakini siku msiba utakapokuja, na utakuja, kila mmoja ajue pa kusimama. Mtoto aingie ndani akae na ndugu zake, asisimame kwenye migomba.

Nimemaliza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KISOMO

1. Kwa nini mjomba wa Yasmin alimkataa? Wewe ungefanyaje?

2. Kukwepana kwa heshima na kufungiana mlango vina tofauti gani?

3. Kijana akimchukua binti bila kuleta mshenga, wazazi wafanye nini siku ya kwanza? Na baada ya mwaka mmoja?

4. Andika barua ya mistari sita kwa ndugu ambaye hamjaonana muda mrefu. Usiisome mbele ya darasa. Itume.