Nguvu ya Mguu Hujengwa

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo na wazazi wa Majengo, Dodoma)



Najua wengine mmetoka sokoni hapa hapa Majengo, na biashara mmeziacha mikononi mwa jirani. Sitawachosha. Leo sizungumzi juu ya mbolea wala juu ya kuku. Nazungumza juu ya mguu wa binti anayecheza mpira.

Kwa nini? Juma lililopita, baada ya darasa, mama mmoja alinifuata. Binti yake ana miaka 15 na anapenda mpira wa miguu. Baba amemkataza. Baba anasema mguu wa mwanamke haukuumbwa kupiga mpira, eti atavunjika, na kuzaa hatazaa. Binti analia. Mama yuko katikati, hajui ashike la nani. Akaniuliza, "Mwalimu, ukweli ni upi?"

Nikamwambia, swali hili si lako peke yako. Tuliweke mbele ya wenzetu, tulijibu pamoja.

MPIRA WA WASICHANA SI JAMBO GENI KWETU

Tuanze na mambo tunayoyajua. Mwezi wa Aprili 2023, shule ya sekondari ya Fountain Gate ya hapa Dodoma ilipeleka wasichana wake Durban, Afrika Kusini, kwenye mashindano ya mpira ya shule za Afrika. Wakarudi na ubingwa. Ni wasichana wa shule, waliofanya mazoezi kwenye vumbi letu hili hili.

Mwaka uliotangulia, 2022, timu ya taifa ya wasichana wenye umri chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilikwenda India kwenye Kombe la Dunia. Iliifunga Ufaransa mabao 2 kwa 1, ikafika robo fainali. Na dada zao wakubwa, Twiga Stars, wamecheza fainali za Afrika mwaka 2010 kule Afrika Kusini, na tena mwaka 2025 kule Morocco.

Maneno ya kuwa mpira haumfai mwanamke hayakuanzia Majengo. Huko Uingereza, mwaka 1921, wakuu wa mpira waliwafungia wanawake viwanja vyao kwa sababu hiyo hiyo. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 50.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2023, katika Kombe la Dunia la wanawake, Uingereza ilicheza na Nigeria. Wakafika kwenye penalti. Mchezaji mmoja wa Uingereza, Chloe Kelly, alipiga mpira uliokwenda kwa kasi ya karibu kilometa 111 kwa saa. Basi la abiria liendalo Dar es Salaam haliruhusiwi kuzidi kilometa 80 kwa saa. Basi, mpira ule ulikuwa mbele ya basi.

Na mguu wenyewe ulikuwa umeshapata ajali. Mwaka 2021 dada huyo aliumia vibaya goti, kano ya ndani ikakatika. Alikaa nje karibu mwaka mzima akijenga misuli upya, kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Ndiyo maana nasema nguvu ya mguu hujengwa.

NGUVU YA SHUTI INATOKA WAPI?

Wengi hudhani shuti linatoka kwenye unyayo. Hapana. Unyayo ni mlango wa kutokea tu. Nguvu yenyewe inatoka juu: kwenye makalio, kwenye nyonga, na kwenye misuli ya mbele ya paja.

Mnaochunga ng'ombe mnaujua mjeledi. Mkono unashika mpini. Mpini hauendi mbali wala hauendi mbio, lakini ncha ya mjeledi inalia kwa kasi. Mguu nao ni hivyo. Paja linatangulia mbele. Kisha paja linapunguza mwendo, na sehemu ya chini ya goti inafyatuka. Unyayo ndio ncha ya mjeledi.

Akina mama mnaotwanga mtama mnajua jambo jingine. Ukitwanga kwa mkono mtupu unachoka upesi. Ukitwanga kwa mwili mzima, mchi wenyewe unafanya kazi. Mpiga mpira naye hupiga kwa mwili mzima.

Sasa nitawauliza. Binti wa hapa hubeba ndoo ya maji ya lita 20. Hizo ni kilo 20 kichwani. Je, huyo hana nguvu? Anazo sana! Lakini nguvu ni za aina mbili. Kuna nguvu ya polepole, ya kubeba na kuvumilia. Na kuna nguvu ya haraka, ya kufyatuka mara moja. Shuti linataka ile ya haraka. Binti wa ndoo ana msingi mzuri wa nyumba, lakini kuta bado. Kuta hujengwa na mazoezi.

Tena nguvu bila ufundi ni kama jembe bila mpini. Mambo ya kufundishwa ni haya:

Kwanza, mguu usiopiga. Huu ndio nguzo. Uwekwe kando ya mpira, karibu shubiri moja, vidole vikielekea unakotaka mpira uende. Goti likunjwe kidogo. Nguzo ikiyumba, shuti linakufa.

Pili, kifundo cha mguu unaopiga kikazwe, kisilegee.

Tatu, mpira upigwe kwa mgongo wa mguu, pale penye kamba za kiatu. Ukipiga kwa ncha ya vidole, unaumia na mpira unapotea.

Nne, ukiinamisha mwili nyuma, mpira unaruka juu ya goli.

Tano, usikatishe mguu baada ya kugusa mpira. Uache uendelee mbele.

GOTI LANGU

Nataka niwaambie jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa nasomea ualimu nilicheza mpira wa miguu. Tulikuwa tunaingia uwanjani mbio moja kwa moja, hatupashi mwili moto, hatujengi misuli. Tulichoambiwa ni kimoja tu: piga kwa nguvu! Siku moja niliruka, nikatua kwa mguu mmoja, goti likaingia ndani. Nilisikia mlio kama kijiti kikavu kinapovunjika. Mpaka leo nikipanda ngazi, goti hili linanikumbusha.

Kwa hiyo yule baba anayehofu, hofu yake si ya kijinga. Wachezaji wa kike huumia kano ya ndani ya goti kama mara 2 mpaka 3 kuliko wanaume. Ni kweli, wala sifichi. Maumbile yana sehemu yake. Lakini sababu nyingine kubwa ni kwamba wasichana wengi hawafundishwi kujenga misuli wala kutua vizuri. Mvulana anaanza kuruka na kukimbizana na mpira tangu mdogo. Msichana anaitwa jikoni. Kisha siku moja anaambiwa, haya, cheza!

Dawa ipo. Huko Norway walifanya utafiti kwa wasichana wa miaka 13 mpaka 17, matokeo yakatolewa mwaka 2008. Timu zilizofanya mazoezi maalumu ya dakika 20 kabla ya kucheza zilipata majeraha makubwa pungufu, karibu nusu ya yale ya timu nyingine. Mazoezi hayo hayataki mashine. Yanataka uwanja na moyo.

MAZOEZI YA KUFANYA

Haya yafuatayo ni ya namna hiyo. Yafanywe mara 2 au 3 kwa juma, na siku ya kupumzika iwepo katikati.

1. Kukimbia polepole kwa dakika kama 5 mpaka mwili upate moto.

2. Kuchuchumaa na kuinuka. Mara 10, pumzika, rudia mpaka mara 3. Magoti yasigongane. Yaelekee kule vidole vinakoelekea. Hili ni la paja na makalio.

3. Kusimama kwa mguu mmoja, sekunde 30 kila mguu. Hili ni la ile nguzo.

4. Kuinua visigino na kushusha polepole, mara 15. Hili ni la shavu la mguu.

5. Kupiga magoti mahali laini, mwenzako akushike vifundo kwa nyuma. Mwili umenyooka, inama mbele taratibu, ukijizuia usianguke. Anza na mara 3 tu, ni zito. Hili ni la nyuma ya paja. Misuli hii ndiyo breki ya mguu, na ndiyo inayosaidia kulinda ile kano ya goti.

6. Kuruka na kutua kimya kama paka, magoti yamekunjwa. Ukisikia kishindo, umetua vibaya.

Baada ya majuma machache ongeza kidogo. Usiongeze yote siku moja. Na mchezaji akisikia maumivu makali ya goti, au goti likivimba, aache, apelekwe zahanati. Asikandwe na kila mpita njia.

CHAKULA NA MAPUMZIKO

Wazee wenzangu mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Tulikusanyika kwenye redio, tukasoma, tukajadiliana. Somo lile halijaisha. Msuli haujengwi na mazoezi peke yake. Mazoezi yanafungua kazi, chakula kinaleta matofali, usingizi ndio fundi.

Binti aliyevunja ungo hupoteza damu kila mwezi. Anahitaji chakula cha kurudisha damu: maharage, kunde na majani yake, mchicha, dagaa, na nyama ikipatikana. Ubuyu, ambao mibuyu yetu inatupa, unausaidia mwili kupokea madini ya damu yaliyomo katika mboga. Chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia. Basi chai isubiri kidogo.

Sasa lile la kuzaa. Mpira haufungi kizazi. Kizazi kimekaa ndani, kimezungukwa na mifupa ya nyonga. Alex Morgan wa Marekani alijifungua mwaka 2020, na mwaka 2021 alicheza mpira kwenye Olimpiki ya Tokyo. Lakini kuna jambo la kuangalia. Msichana anayefanya mazoezi mengi na kula kidogo anaweza kukosa siku zake za mwezi, na mifupa yake ikadhoofika. Hapo kosa ni sahani, si mpira. Mama akiona siku za binti zinakatika, aongeze chakula, apunguze mazoezi, ampeleke kwa mganga wa zahanati.

Na kazi za nyumbani je? Binti hawezi kuchota maji asubuhi, kutwanga mchana, kukimbia jioni, na kulala usiku wa manane. Hata punda hupumzishwa. Siku ya mazoezi, kaka yake naye ashike ndoo. Mkono wa mvulana hauoti kutu kwa kuchota maji.

NENO LA MWISHO

Ndugu zangu, yule baba huenda yupo hapa leo. Sitamtaja, wala sikuja kumshinda. Mtoto ni wake. Ninamwomba jambo moja tu. Aje uwanjani jioni moja, akae chini ya mti, atazame. Aone kama wasichana wanapasha mwili moto. Aone kama wanafundishwa kutua. Akiona wanaingizwa mbio kama nilivyoingizwa mimi, na asimame amwambie mwalimu wao, "Hapana, anza na mazoezi." Ana haki hiyo, kwa sababu sasa amejua.

Kumkataza binti hakuimarishi goti lake. Kumwachia tu bila mafunzo nako hakumlindi. Kinachomlinda ni mguu uliojengwa. Na mguu huo ataendelea kuutumia shambani na njiani, hata siku atakapouacha mpira.



MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nguvu ya shuti inatoka sehemu gani za mwili?
2. Kwa nini mguu usiopiga unaitwa nguzo?
3. Taja mazoezi mawili yanayolinda goti. Yafanyeni pamoja darasani.
4. Katika nyumba yako, nani anachota maji? Mnaweza kugawana kazi hiyo namna gani?
5. Ungekuwa wewe ndiye baba wa binti yule, ungeamua nini, na kwa sababu gani?