Maji Safi kwa Mbwa Wetu

Maneno yaliyosemwa barazani mbele ya wenyeviti wa vijiji, walimu na wenye mashamba wa pwani ya Bagamoyo



Twajua ya kuwa baadhi yenu mlipopata habari ya baraza hii mlicheka. Mlisema, "Watu wenyewe hawajatosheka na maji, nasi twaitwa kusikiliza habari ya maji ya mbwa!" Hatukuchukizwa na neno hilo, maana lina kweli ndani yake. Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua za vuli zilipochelewa, mto Ruvu ulipungua hata watu wa Dar es Salaam wakagawiwa maji kwa zamu. Na hapa pwani vimo visima vingi vyenye maji ya chumvi, na akina mama huamka alfajiri kwenda kutafuta maji baridi mbali. Basi hatukuja kuwaomba myatoe maji kinywani mwa mtoto mkampe mbwa. Tumekuja kuwaonyesha ya kuwa mbwa asiyepewa maji yake huenda akayaharibu maji ya mtoto.

Kwanza tumtazame mbwa mwenyewe. Huyu si mgeni kwetu. Ndiye alindaye mihogo na mahindi yasiliwe na ngedere na nguruwe mwitu, na ndiye abwekaye usiku mwivi akipita. Lakini mwili wake si kama wetu. Mtu akiona joto hutoka jasho mwili mzima akapoa. Mbwa hana jasho la namna hiyo, ila kidogo tu katika nyayo. Yeye hupoa kwa kuhema, ulimi nje, na kila pumzi hutoka na maji. Katika miezi ya kaskazi, jua linapokuwa kali, mbwa akikimbiza ngedere asubuhi nzima bila kunywa aweza kulegea, kutapika, kuanguka, na hata kufa siku ile ile.

Wahenga walisema, "Mbwa hafi maji akiona ufuko." Kiumbe akiuona wokovu wake hujikaza mpaka aufikie. Na mbwa mwenye kiu ni vivyo hivyo: akiyaona maji hujikaza mpaka ayapate, yawe mtungini, kisimani au dimbwini.

Tulipata kumzuru mzee mmoja mwenye shamba la minazi na mihogo, naye alikuwa na mbwa watatu hodari. Tulipokuwa tumeketi kivulini, mmoja akaja akatia kichwa katika ndoo ya maji ya kunywa. Mzee akamtupia gongo, maji yakamwagwa yote, na mjukuu wake akatumwa kisimani tena, mwendo wa karibu saa nzima. Tukamwuliza mzee, "Mbwa hawa hunywa wapi?" Akatujibu, "Watajua wenyewe." Basi siku ile mbwa alikuwa amejua mwenyewe, na gharama ikalipwa na mtoto.

Waislamu mliomo humu mnajua vema zaidi yetu hukumu ya chombo kilichorambwa na mbwa: katika madhehebu ya Shafi, iliyoenea pwani hii, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hesabuni maji yaendayo kwa kuosha chombo kimoja mara saba, kisha myalinganishe na maji ya kumnywesha mbwa huyo. Tena mnaijua hadithi ya yule mtu aliyeshuka kisimani akanywa, na alipotoka akamwona mbwa akilamba udongo kwa kiu; akashuka tena, akajaza maji katika kiatu chake, akakishika kwa meno, akapanda, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Basi kujitenga na unajisi wa mbwa si sababu ya kumwacha na kiu. Chombo chake cha peke yake ndicho kitimizacho yote mawili.

Sasa twaja katika jambo la hatari. Mwezi wa Julai mwaka 2022, katika mkoa wa Lindi, watu walishikwa na homa kali, wakaumwa kichwa, na wengine wakatokwa damu puani. Waliougua walikuwa 20, na watatu wakafariki. Walipopimwa ikajulikana ya kuwa ni homa ya mgunda. Vijidudu vya homa hii hukaa katika mkojo wa panya na wanyama wengine, huishi katika maji yaliyotuama na udongo wenye unyevu, na humwingia mtu kwa jeraha, kwa macho au kwa kinywa. Mbwa naye aweza kuipata katika dimbwi alinywalo. Tena aweza kuonekana mzima, huku akitoa vijidudu kwa mkojo wake uani mwenu, mahali watoto wachezapo bila viatu. Kwa hiyo kumwachia mbwa dimbwi kuwa kisima chake ni kuleta dimbwi lile nyumbani.

Maji ya bahari nayo si maji ya kunywa mbwa. Akiyanywa kwa wingi hutapika, huharisha, na chumvi ikizidi mwilini huweza kumwua. Wavuvi wachukuao mbwa ufukoni, na wafanyao kazi katika majaruba ya chumvi, wakumbuke kuwachukulia maji baridi.

Je, mbwa atakiwa maji kiasi gani? Mbwa wa ratili 33, yaani kilo 15, hutosheka kwa kawaida na maji yasiyotimia lita moja kwa siku. Siku ya joto au ya kazi nyingi huhitaji zaidi, pengine mara mbili. Basi ndoo moja ya lita 20 ni maji ya mbwa mmoja kwa siku 20, na wakati wa jua kali kwa siku 10. Wahenga walisema tena, "Maji ya kifuu, bahari ya chungu." Kilicho kidogo kwetu ni kingi kwa mwingine.

Na njia ya kufanya ni hii. Chukueni kigae kikubwa cha mtungi uliovunjika, au karai kuukuu, kitu kizito kisichopinduka. Msitumie kamwe chombo kilichotiwa dawa ya mikorosho au dawa ya wadudu, hata kikioshwa. Kiwekeni kivulini, mbali na jiko na kisima. Mtieni maji mnayokunywa wenyewe, ya bomba, ya kisima kilichofunikwa, au ya mvua yaliyokingwa kwa bati safi. Maji ya sabuni hayafai. Asubuhi na jioni mwageni yaliyobaki penye mche wa mpapai, msugue chombo kwa mchanga au majivu, mkisuuze, mtie mapya. Msiyaache yakalala siku nyingi, kwani mbu hutaga humo na kutoka kwa muda wa juma moja hivi. Na homa ya dengue, iliyowasumbua watu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na mwaka 2019, huletwa na mbu wa maji kama hayo. Na visima vyenu vijengewe kingo na kufunikwa, mnyama yeyote asifike.

Faida nyingine nayo ni kubwa. Mwenye kumtilia mbwa wake maji kila siku hujua desturi yake. Siku mbwa atakapoinama penye maji asiweze kumeza, udenda ukimtoka, na sauti yake ikibadilika, mwenyewe atatambua upesi. Huenda ni kichaa cha mbwa. Asimtie mkono kinywani kutafuta mfupa. Awaondoe watoto, amwite mganga wa mifugo. Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, kwa maana ugonjwa huu ukiisha kuonyesha dalili karibu hapana aponaye. Na mbwa wote wachanjwe kila mwaka.

Ninyi wenyeviti, jueni ya kuwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yamtaka mwenye mnyama asimwache na njaa wala kiu. Lakini hatupendi mwanzie kwenye sheria. Anzieni uani mwenu, na jirani ataona. Nanyi walimu, wafundisheni watoto kazi hii, kwani mtoto ndiye atumwaye kisimani, naye ndiye atakayefurahi kwanza ndoo yake isipomwagwa.

Yule mzee tuliyemtaja tulimpitia tena baada ya miezi michache. Penye mwembe palikuwa na kigae cha mtungi, kimejaa maji, na mbwa watatu wamelala kando yake. Ndoo ya nyumba ilikuwa imefunikwa. Hatukumwuliza neno, naye hakutuambia neno. Alimwita mjukuu wake tu, akatuletea maji ya kunywa.