Albamu ya Pili ni Mali ya Nani? Norah Jones na Bendi Yake



Mada niliyopewa ni muziki na soko. Ni mada ambayo mtu anaweza kuisemea hadi usiku wa manane asiguse chochote, kwa hiyo nimeibana. Nitazungumzia albamu moja, Feels Like Home ya Mmarekani Norah Jones, iliyotoka Februari 2004, na swali moja: mwimbaji akishavuma kwa albamu yake ya kwanza, mafanikio yale ni mali ya nani? Yake? Ya mtunzi aliyempa nyimbo? Ya mtayarishaji aliyekaa nyuma ya kioo studioni? Ya kampuni iliyotoa fedha? Wengi waliipokea albamu hii kama muziki laini wa kusindikizia chakula cha jioni. Mimi naisikia kama jibu la swali hilo, tena jibu lenye ukaidi.

Hatuwezi kuielewa bila ile iliyoitangulia. Norah Jones alizaliwa New York mwaka 1979. Baba yake ni Ravi Shankar, mpiga sitar mashuhuri wa India, lakini aliyemlea ni mama yake, huko Grapevine, Texas, kati ya Dallas na Fort Worth. Alisoma sekondari ya sanaa Dallas, akaingia Chuo Kikuu cha North Texas kusomea piano ya jazi, kisha mwaka 1999 akayaacha masomo na kuhamia New York. Huko alizoeana na vijana wenzake waliokuwa wakipiga katika vilabu vidogo, wakiwamo mtunzi Jesse Harris na mpiga besi Lee Alexander. Mwaka 2001 akapata mkataba na Blue Note, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1939 na iliyowarekodi kina Art Blakey, Lee Morgan na Herbie Hancock alipokuwa kijana. Mpenzi wa jazi hulitaja jina hilo kwa heshima. Mhasibu hakuwa na sababu kubwa ya kulishangilia.

Rekodi ya kwanza haikuja kirahisi. Mtayarishaji Craig Street alimpeleka katika studio ya Allaire, milimani nje ya jiji la New York, wakarekodi huko. Wakubwa wa Blue Note, wakiongozwa na Bruce Lundvall, waliona kazi ile imekwenda mbali na kile walichokipenda katika kanda za majaribio. Sehemu kubwa ikawekwa kando na nyimbo zikarekodiwa upya chini ya Arif Mardin, mzaliwa wa Istanbul, mzee aliyekwisha kufanya kazi na Aretha Franklin. Wimbo uliokuja kuibeba albamu, Don't Know Why, kwa msingi wake ni ile ile rekodi ya majaribio. Walikuwa wameupata kabla hawajaanza kuutafuta!

Come Away with Me ilitoka Februari 2002, ikapanda taratibu, na mwaka mmoja baadaye, katika tuzo za Grammy, Norah Jones aliondoka Madison Square Garden na tuzo 5. Albamu hiyo imeuza zaidi ya nakala milioni 25 duniani. Lakini hebu tufanye hesabu ya umiliki. Nyimbo 14, 5 kati yake zina mkono wa Jesse Harris, na ndiye aliyechukua tuzo ya wimbo bora wa mwaka. Tatu ni za zamani, za watunzi waliokuwa na majina kabla mwimbaji hajazaliwa. Mardin naye alichukua tuzo ya mtayarishaji bora. Kila mmoja aliondoka na kipande chake. Mtu mwenye shaka angeweza kusema: huyu binti ana sauti nzuri na bahati ya kuzungukwa na watu wanaojua kazi. Wapo waliosema hivyo.

Hapo ndipo albamu ya pili inapokuwa mtihani. Njia mbili zilikuwa wazi, na zote zimepitwa na wasanii wengi. Ya kwanza ni kurudia: mwite Harris, mwombe nyimbo nyingine 5 za aina ile ile, weka piano, punguza taa. Ya pili ni kukimbia: tafuta mtayarishaji wa mjini, badili mavazi, waonyeshe watu kwamba hukuwa yule waliyemdhania. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ndivyo tunavyosema, na historia ya albamu za pili imejaa wagema wa namna hiyo. Jones alisifiwa, akaenda akaongeza wagema.

Tazameni orodha ya watunzi wa Feels Like Home. Jina la Harris halimo. Nyimbo ni 13. Sita zina jina la Norah Jones, peke yake au pamoja na wengine. Lee Alexander yumo katika nyimbo nyingi. Adam Levy, mpiga gitaa, ametoa wimbo. Kevin Breit, mpiga gitaa mwingine, ametoa wake. Andrew Borger wa dramu na Daru Oda, mwimbaji wa sauti ya pili, wametunga mmoja kwa pamoja. Kwa maneno mengine, kila mwanamuziki wa bendi aliyosafiri nayo ana angalau wimbo mmoja wenye jina lake. Nyimbo za kuazima kabisa ni mbili tu, moja ya Townes Van Zandt, mtunzi wa Texas, nyingine ya Tom Waits na mkewe Kathleen Brennan.

Wanamuziki waliomo ukumbini wameshaelewa ninapoelekea. Kwa sheria ya Marekani, redio ya kawaida ikipiga wimbo hulipa mirabaha ya mtunzi na mchapishaji wake; mwimbaji na wapigaji hawapati kitu kwa kupigwa huko. Mpiga dramu anaweza kusikika redioni mchana kutwa na asiingize hata senti. Kumpa mpiga dramu nafasi ya wimbo mmoja katika albamu ambayo kila mtu anajua itauza mamilioni ni jambo la kisanaa, sawa, lakini pia ni kumgawia shamba. Sijui uamuzi gani mwingine wa mwimbaji yeyote wa miaka ile unaofanana na huo kwa ukarimu, na ajabu ni kwamba magazeti yaliyohesabu nakala zilizouzwa hayakuhangaika kuhesabu majina hayo.

Tena walirudi Allaire, studio ile ile ambayo kazi yake ya awali iliwekwa kando. Mardin alikuwamo, na jina la Norah Jones limeandikwa pamoja na lake kama watayarishaji. Eneo lile liko karibu na Woodstock, alikokuwa akiishi Levon Helm, aliyekuwa mpiga dramu na mwimbaji wa kundi la The Band. Helm na mwenzake wa kundi hilo, Garth Hudson, wanasikika katika What Am I to You?, wimbo alioutunga Jones peke yake. Msikilize Helm: anachelewesha pigo kidogo tu, kiasi cha kukufanya uegemee mbele kulingoja, na kinanda cha Hudson kinaingia chini yake bila haraka. Ule si utulivu wa watu wanaosinzia.

Nalitaja neno hilo kwa sababu lawama kubwa iliyomwandama Jones ni kwamba anawalaza watu usingizi. Walimtania hata kwa kuligeuza jina lake lifanane na mkoromo. Nakubali kwamba katikati ya albamu pana ulegevu. Nyimbo tatu nne zinafuatana kwa mwendo ule ule, na msikilizaji mwenye mawazo yake anaweza kupitwa na mmoja asijue. Lakini upole wa muziki huu una kazi ndani yake. Sunrise, wimbo wa kufungulia, ungepewa mtayarishaji mwingine angeujaza vinanda vya nyuzi kufikia ubeti wa pili. Hapa gitaa na besi vinaachiana nafasi, dramu inapigwa kwa mkono mwepesi, na kiitikio kikifika, pale ambapo soko linataka maneno ya kuimbwa na umati, mwimbaji anatoa mlio tu, hauna neno. Ni wimbo wa kwanza wa albamu iliyosubiriwa sana mwaka ule, na kiitikio chake hakisemi kitu. Ule ndio ukaidi niliousema.

Namwomba fundi wa sauti atuwekee sasa Creepin' In. (Hapa wimbo ulichezwa ukumbini.)

Mmesikia kasi. Huo ni mwendo ambao wapiga kantri wenyewe huuita mwendo wa treni, na aliyealikwa kuimba ni Dolly Parton, ambaye sina haja ya kumtambulisha mbele ya watu waliokulia na redio Afrika Mashariki. Kenya hasa, kantri ina wenyewe. Mwimbaji wake Jim Reeves alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1964 na bado hajaruhusiwa kupumzika Jumapili. Turudi kwenye wimbo. Wimbo ni wa Lee Alexander. Albamu ni ya Norah Jones. Lakini sikilizeni sauti ya juu ni ya nani: ya mgeni. Parton amekaa juu, amebana, anang'ata mwisho wa kila mstari, na mwenye albamu ameshuka chini yake na kumshikia. Kwa waimbaji wa kwaya hili halihitaji maelezo. Kuimba sauti ya pili katika albamu yako mwenyewe, mbele ya mamilioni, kunataka mtu asiyehofia kupotea.

Kuna waliosema kwamba kwa wimbo huo na mwingine kama huo, Jones aliihama jazi akaenda kantri. Hilo nalipinga, na hapa mtanivumilia nikae kidogo, kwa kuwa ndipo penye utajiri.

Ukuta kati ya jazi na kantri ulijengwa na wauza santuri. Miaka ya 1920 kampuni za Marekani zilipanga orodha zao kwa rangi ya mnunuzi: santuri za Weusi upande huu, za Wazungu wa mashambani upande ule. Mtu mmoja wa kampuni hizo, Ralph Peer, alifanya kazi katika orodha zote mbili. Studioni mambo yalikuwa mengine. Julai 1930, huko Hollywood, Jimmie Rodgers, anayehesabiwa kuwa baba wa kantri, alirekodi wimbo akisindikizwa na tarumbeta ya Louis Armstrong na piano ya Lil Hardin Armstrong. Miaka hiyo hiyo ya 1930, Bob Wills wa Texas aliongoza bendi ya fidla na magitaa iliyopiga kwa mdundo wa kuchezea dansi uliotoka moja kwa moja katika jazi. Mwaka 1962 Ray Charles alitoa albamu nzima ya nyimbo za kantri, na waliomwonya kwamba atapoteza wasikilizaji wakanyamaza ilipoongoza chati. Mwaka 1978 Willie Nelson, Mtexas mwingine, akapita njia hiyo kwa upande wa pili, akaimba nyimbo za zamani ambazo wapiga jazi walizifanya zao.

Binti aliyekulia Grapevine akasomea piano ya jazi jirani na hapo hakuwa na ukuta wa kuruka. Katika albamu ya kwanza alikwisha kuimba wimbo wa Hank Williams, na mwaka 2003 aliimba wimbo wa Dolly Parton katika albamu ya kumuenzi mama huyo. Mwaka huo huo alikuwa na marafiki zake, Alexander akiwamo, wakipiga kantri vilabuni New York kwa jina la The Little Willies, kwa raha zao tu. Feels Like Home ilichukua kilichokuwa kikipigwa usiku wa mapumziko na kukileta kwenye kazi ya mchana.

Wenye kutaka ushahidi kwamba jazi haikuachwa wasikilize wimbo wa mwisho. Muziki ni wa Duke Ellington, kipande cha piano kiitwacho Melancholia alichokirekodi mwaka 1953. Jones amekiandikia maneno. Bendi yote imetoka. Amebaki yeye na piano, na mkono wa kushoto hauna haraka ya kujaza pengo lolote. Baada ya kugawa nyimbo kwa kila mtu, huu amejiwekea.

Soko lilijibu. Katika wiki ya kwanza Marekani pekee ziliuzwa zaidi ya nakala milioni 1, wakati ambapo kampuni zilikuwa zinalia kwamba watu wanachota muziki bure kwenye intaneti. Siri mojawapo ni umri: wanunuzi wake wengi walikuwa watu wazima waliozoea kuingia dukani na kutoka na CD mkononi. Kwa jumla, hata hivyo, haikuifikia ya kwanza. Mwaka 2005 Sunrise ilimpa tuzo nyingine ya Grammy, na siku hiyo hiyo akashinda rekodi ya mwaka kwa wimbo alioimba na Ray Charles, ambaye alikuwa amefariki Juni iliyotangulia.

Mali ya pamoja ina matatizo yake, na hii haikukosa. Mardin alifariki mwaka 2006. Albamu ya tatu, Not Too Late ya mwaka 2007, ilitayarishwa na Alexander, na kila wimbo una jina la Norah Jones kama mtunzi au mtunzi mwenza. Nafasi za wengine zimepungua. Ilipofika The Fall, mwaka 2009, bendi ile haikuwapo tena. Studioni walikuwamo wapigaji wapya na mtayarishaji mpya, Jacquire King. Jesse Harris alirejea kama mtunzi, na safari hii, kila palipoandikwa jina lake, la Norah Jones limeandikwa pembeni yake.

Nakaribisha maswali, na wapiga dramu waanze.