Bolti Zangu na Ulimi wa Pampu

Wahitimu, hongereni. Nimepewa dakika tano, na mhandisi akipewa dakika tano, tatu ni za kulalamika.

Lalamiko langu ni picha za rangi. Kijana ananiletea mkondo wa maji aliokokotoa kwa kompyuta, mwekundu huku, buluu kule, unapendeza kama kanga mpya. Namuuliza, wavu wa hesabu, ule unaoyagawa maji kuwa seli ndogo ndogo, umeupangaje? "Programu iliupanga yenyewe, mzee."

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ganda la pampu, lililojipinda kama konokono. Nikachora kila kichwa cha bolti, hata vile vya pembeni ambako maji karibu yamelala. Nikajaza seli za tetrahedroni, maana hizo hupenya popote bila kumsumbua mtu. Kompyuta ikavuma siku tatu. Lakini pale kwenye ulimi wa ganda, maji yanapogawanyika kwa kasi, seli zilikuwa kubwa ajabu, na ukutani sikuweka hata tabaka moja la seli bapa. Hesabu yangu ikasema maji yanaambaa na ukuta. Siku ya majaribio maji yakabanduka, pampu ikatetemeka hadi bilauri za chai zikacheza mezani. Fundi mkuu, mtu wa pwani, akanitazama: "Umevua dagaa kwa jarife."

Basi ulizeni kwanza maji yatafanya nini, na wapi. Bomba lililonyooka lipeni heksahedroni. Ganda la konokono msilipotezee wiki mbili kulilazimisha. Polihedroni katikati, tabaka bapa ukutani. Mkitaka kufuata mkondo hadi ukutani kabisa, y-plasi ya seli ya kwanza, yaani umbali wake toka ukutani usio na kizio, iwe karibu 1, kila tabaka lizidi unene wa lililotangulia kwa asilimia 20 hivi. Mkitumia kanuni za ukutani, zinazokadiria mkondo wa hapo badala ya kuufuata, y-plasi ivuke 30. Hapo katikati ni pa kuumbukia.

Kisha rudieni kwa nyavu tatu, kila mmoja wenye seli ndogo kuliko uliotangulia. Najua ni ghali: ukigawa upana wa seli kwa mbili pande zote, seli huwa mara 8. Patrick Roache alituonyesha mwaka 1994 jinsi ya kuripoti kosa la wavu kwa namba, na hadi leo napokea ripoti za wavu mmoja.

Mkija kuomba kazi kwangu, leteni matokeo ya nyavu zote tatu. Picha za rangi mwachieni mama azitundike sebuleni.